Gurudumu la tano kwenye dabo-kebini? Tepu imekataa

Najua niliahidi kuendelea na yale mambo ya hifadhidata, lakini wiki mbili hizi nimekuwa nikilala na kuamka na trela. Naam, trela. Vumilieni, kuna hesabu ndani yake, na mwenye kupenda kompyuta hawezi kuikimbia hesabu.

Kisa ni mjomba wangu. Ameendesha malori makubwa kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, akastaafu, na sasa anakodisha mahema na viti hapa Pipeline. Harusi, matanga, harambee, mkutano wa kanisa, ukihitaji viti unampigia. Ana pikapu ya Isuzu D-Max, dabo-kebini, ambayo kila mwisho wa wiki hufanya safari tatu kwa kazi ambayo trela ingeimaliza kwa safari moja. Basi ameomba mkopo kwenye sacco yake, ukakubaliwa, na anataka trela ya futi 8 kwa upana, yenye ekseli mbili, ambayo ikijaa itakuwa na uzito wa kilo 3,000.

Mpaka hapo sawa. Tatizo ni kwamba hataki kuifunga trela hiyo kwenye ule mpira wa chuma wa nyuma ya bampa. Anataka sahani, kama ile ya malori. "Wewe kijana wa kompyuta," akaniambia, "hizo ndoano ziko kwenye intaneti, Wamarekani wanaziweka kwenye pikapu. Nichagulie moja nzuri."

Kwa asiyejua: simama siku moja kwenye Outer Ring Road, pale stendi ambayo watu bado wanaiita Taj ingawa lile jengo lilibomolewa mwaka 2018, uangalie malori ya makontena yakipita. Kati ya kichwa cha lori na trela kuna sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, ina mwanya nyuma kama mdomo. Trela nayo ina pini inayoning'inia chini ya pua yake. Pini ikiingia kwenye mwanya, taya hufunga, na trela inakaa juu ya lori badala ya kuburutwa nyuma yake. Hiyo ndiyo gurudumu la tano. Jina limetoka kwenye magari ya farasi, ambapo duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele lilisaidia gari kukata kona. Na msidhani ilianza na vitu vikubwa: mwaka 1914 huko Detroit, mhunzi August Fruehauf alimtengenezea tajiri mmoja wa mbao trela ya kubebea mashua, ikafungwa nyuma ya gari dogo la Ford Model T. Kwa hiyo wazo la mjomba si la kichaa.

Tena ana hoja. Trela ya mpira hushikwa mbali nyuma ya ekseli, zaidi ya mita moja. Upepo wa basi linalokupita, au mzigo uliopangwa vibaya nyuma, vinatosha kuifanya ianze kuyumba kama mkia, na mkia ukizidi nguvu unamgeuza mbwa. Sahani inakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kwa hiyo mkia hauna mahali pa kushika. Mjomba ameyaona mengi kwenye barabara ile ya Mombasa na sitabishana naye juu ya hilo. "Mpira unacheza," anasema, na anasema kweli.

Nikaingia mtandaoni nikiwa na moyo mweupe. Sokoni nilikuta aina nne, na inafaa mzijue.

Ya kwanza ni sahani isiyosogea. Inafungwa mahali pamoja na kazi imekwisha. Ni ya pikapu zenye bodi ndefu, ile ya futi 8. Ya pili inateleza kwa mkono: kabla ya kukata kona kali unasimama, unavuta wenzo, sahani inarudi nyuma sentimita 30 na ushei, unakata kona, kisha unairudisha. Ya tatu, kama SuperGlide ya kampuni ya PullRite, inateleza yenyewe: kadiri unavyokata kona ndivyo inavyojisogeza nyuma, na ukinyooka inarudi. Ya nne haibadilishi pikapu bali trela: Sidewinder ya Reese hufungwa kwenye pua ya trela, na trela inageukia nyuma ya pini badala ya kwenye pini yenyewe. Kwa mtu anayependa mashine vizuri, ile ya tatu inavutia mno. Nilitazama video zake hadi saa saba usiku, nikajisahau kabisa kwamba kesho yake nilikuwa na kazi ya kukabidhi.

Kwa nini sahani iteleze? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukinyooka, trela iko nyuma na haina shida na mtu. Ukikata kona, kona ya mbele ya trela inakuja upande wa kabini. Chukua trela ya sentimita 244, ambayo nusu yake ni 122. Kama pini iko sawasawa kwenye ukingo wa mbele wa trela, basi siku pikapu itakapokaa nyuzi 90 na trela, kona hiyo itakuwa sentimita 122 mbele ya pini. Kukiwa na nafasi pungufu ya hiyo kati ya pini na kabini, utasikia kioo cha nyuma kikivunjika. Na kama fundi ameweka pini sentimita 30 nyuma ya ukingo, Pythagoras wa darasa la nane anakwambia kona sasa inazunguka kwa nusu kipenyo cha karibu sentimita 126. Mambo yameharibika zaidi.

Wamarekani wanapolalamika kuhusu bodi fupi, wanamaanisha mara nyingi futi 6 na nusu, takriban sentimita 198. Hapo sentimita 30 za kuteleza zinaokoa jahazi. Mimi nilisoma neno "bodi fupi" nikadhani wanazungumzia pikapu kama ya mjomba. Kosa la mwanafunzi. Nusu nimwambie mjomba aagize ile ya kuteleza yenyewe, ambayo inazidi dola 1,000 kabla hujalipia meli na ushuru.

Kilichoniokoa ni tepu. Jumapili baada ya kanisa niliteremka kutoka ghorofa ya sita, nikapanda juu ya pikapu na kupima. Bodi nzima ni karibu mita moja na nusu. Lakini urefu wa bodi hausemi mengi, jambo muhimu ni umbali kutoka ukuta wa kabini hadi juu ya ekseli ya nyuma. Nilipata sentimita 46. Nikapima tena, nikidhani nimeshika tepu vibaya. 46. Watengenezaji wa dabo-kebini wamechukua nafasi ya mizigo wakawapa abiria, na sehemu kubwa ya bodi iliyobaki iko nyuma ya ekseli.

Nilirudi juu, nikaandika mistari kumi na miwili ya Python. Sahani ikiwa juu ya ekseli, trela ya mjomba ingegusa kabini pikapu ikikata nyuzi 22 tu. Nyuzi 22! Wewe unayeijua Pipeline niambie ni kona gani huku ndani unaipita kwa nyuzi 22, kati ya vibanda vya mboga, bodaboda na maghorofa yaliyosimama bega kwa bega. Na kurudi nyuma je? Ili ufikie nyuzi 90 bila kuteleza, trela isizidi sentimita 92 kwa upana. Hiyo si trela ya mahema, ni kibanda cha kuku.

Basi iteleze, mjomba akasema. Sawa, iteleze. Inahitaji kurudi nyuma sentimita 76 kutoka ekseli. Hakuna ndoano hata moja kati ya nilizoziona inayorudi kiasi hicho, lakini tuseme fundi wetu wa jua kali ataitengeneza, maana hawa jamaa hawashindwi na kitu. Je, tumepata nini? Hapo ndipo nilipoacha kucheza na kuanza kuogopa.

Trela ya sahani hulaza juu ya gari kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Tushike 20. Kwa kilo 3,000, hizo ni kilo 600 juu ya bodi. Sahani na vyuma vyake, weka 80. Dereva na vijana wanne wa kusimamisha mahema, ambao ndio sababu ya mjomba kununua dabo-kebini, kilo 350. Jumla ni 1,030. Pikapu hizi tunaziita za tani moja kwa sababu, na hatujahesabu jeki, nyundo za vigingi wala sufuria ya chai. Mtu atasema mbona D-Max na Hilux mpya hutangazwa kwamba zinavuta kilo 3,500 trela ikiwa na breki zake? Ndiyo, zinavuta. Kuvuta na kubeba ni mambo mawili, na sahani inafanya gari libebe.

Halafu kuna wenzo. Umbali kati ya ekseli za D-Max ya mjomba ni milimita 3,095. Ukilaza kilo 600 sentimita 76 nyuma ya ekseli, ni kama watoto kwenye pembea ya ubao: upande wa pili unanyanyuka. Magurudumu ya mbele yanapoteza karibu kilo 147, na hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mpira ambao mjomba anaudharau. Mpira hubeba takriban asilimia 10, yaani kilo 300, na kwa gari lake uko kama sentimita 125 nyuma ya ekseli. Mbele kunapungua kilo 121. Umeona? Sahani iliyosogezwa nyuma ili isivunje kioo inanyanyua pua ya gari kuliko mpira. Ile faida yote ya kukaa juu ya ekseli imeuzwa ili kununua kona. Kwa upande wa kubeba, mpira pamoja na vyuma vyake, tuseme kilo 40, na watu wale wale, unafika 690.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: usiweke sahani kwenye dabo-kebini ya tani moja. Si ya kuteleza, si ya kujiteleza, si ya fundi. Mtu mwenye pikapu ya kabini moja na bodi ndefu, na trela nyembamba, tunaweza kuongea, maana pale ekseli iko mbali na kabini. Kwa dabo-kebini funga mpira, kisha ile fedha uliyookoa uipeleke kwenye trela: breki za ekseli zote mbili, minyororo miwili iliyopishana chini ya mpira ili trela ikichomoka pua yake idakwe isichimbe lami, na mzigo upangwe uzito zaidi ya nusu uwe mbele ya ekseli za trela. Viti nyuma kabisa kwa sababu ndivyo vitakavyoshushwa kwanza? Hapana. Huko ndiko kuyumba kunakoanzia. Na tafadhali, vyuma vya kushika mpira vifungwe kwenye chesi kwa bolti na nati, visichomelewe, kwa sababu moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono.

Nilimpelekea mjomba karatasi yenye hesabu. Aliiangalia, akaniuliza kama kompyuta yangu imewahi kuteremka Mlima wa Mazeras ikiwa na kontena mgongoni. Nikanyamaza, ningejibu nini? Tukatoka nje. Akachukua chaki, akachora pikapu chini kwenye saruji kwa vipimo vyangu, akakata boksi la kadibodi kuwa trela, akapigilia msumari kwenye pini na kuanza kulizungusha. Tanboi wake wa zamani, ambaye siku hizi ndiye mkubwa wa vijana wa mahema, alisimama akitazama. Kadibodi ikagusa kabini. Akasogeza msumari nyuma, akazungusha. Ikagusa. Akasogeza tena hadi karibu na mlango wa nyuma wa bodi, ndipo ikapita.

"Hapa sasa ni mpira tu," akasema yule tanboi.

Mjomba hakumjibu. Alichuchumaa pale kwa muda, kisha akaniuliza bei ya kabini moja yenye bodi ndefu ikoje siku hizi. Nilipomwambia alicheka, akasema sacco haina wazimu.

Jumamosi tunaenda kwa fundi. Mpira amekubali, kwa masharti yake: minyororo iwe ya unene ule anaoutaka yeye na si ule nilioukokotoa mimi, trela ipunguzwe hadi futi 7 ili ipite vizuri kwenye njia ya nyumbani, na atakayelala chini ya gari kukaza nati awe mimi.