Enyi Akina Baba wa Migori na Homa Bay, Chupa Ile Isifichwe

Ziko nyumba huko Ndhiwa, Nyatike na Mbita zenye chupa ndogo ya dawa ya maji asiyoijua mwenye nyumba. Hukaa chini ya nguo za mtoto, au ndani ya gunia la mtama, au kwa jirani wa kuaminika. Dawa yenyewe ni nevirapini, ambayo hupewa mtoto mchanga wa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ili naye asiambukizwe. Leo nasema na mwenye nyumba huyo, na baada yake nitasema na mama yake mzazi, kwa kuwa ni wao wawili wanaoogopwa.

Tusidanganyane juu ya mahali tunapoishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya watu wazima walikuwa na virusi. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, ya kwanza nchini, na Migori 13. Anayejidai kuwa jambo hili ni la watu wengine na ahesabu ndugu walioketi pamoja naye kwenye matanga ya mwisho. Mama mwenye virusi asipotumia dawa, na mtoto naye asipewe, basi kati ya watoto 100 wataambukizwa kuanzia 15 hadi 45: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Wote wawili wakitumia dawa sawasawa, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Elimu hii haikutoka mbali. Mwaka 1999 madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama mwenye uchungu, na kipimo kimoja cha dawa ya maji kwa mtoto ndani ya saa 72, hupunguza maambukizi karibu nusu kuliko zidovudini ya muda mfupi waliyoilinganisha nayo. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, yaani ARV, katika hospitali ya Homa Bay, zama ambazo hospitali nyingi za serikali hazikuwa na cha kumpa mgonjwa ila pole.

Lakini kipimo kimoja hakiwezi kumlinda mtoto anayenyonya mwezi baada ya mwezi. Ndiyo sababu mwongozo wa Kenya umekuwa mrefu: zidovudini na nevirapini kwa majuma 6 ya kwanza, kisha nevirapini kila siku, pamoja na septrini, hadi zipite wiki 6 tangu mtoto aache kabisa kunyonya. Mama naye ameze ARV zake maisha yake yote. Mtoto hupimwa akiwa na majuma 6, miezi 6, miezi 12, kisha 18. Majibu mazuri ya juma la 6 yanafurahisha, ila hayamalizi kazi maadamu mtoto bado ananyonya.

Sasa piga hesabu, baba. Mtoto akinyonya mwaka mmoja na nusu, dawa hiyo itatolewa zaidi ya mara 500. Hakuna muuguzi wa kuitoa mara 500. Inatolewa nyumbani kwako, kabla mama hajaenda shambani au sokoni, na siku ambayo wakwe wamejaa uani. Kwenye matanga, wanawake kumi wakilala chumba kimoja, anayeficha ataifungulia wapi chupa yake? Ataiacha siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, nanyi mnajua jinsi matanga yetu yasivyoisha haraka.

Utaniuliza, kwa nini asiniambie? Nami nakuuliza, aliyemwambia mumewe mwaka jana katika kijiji chako alifanywa nini? Kama alipigwa, au nguo zake zilirushwa nje, mkeo aliona, na akajifunza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inamkataza mhudumu kufichua majibu ya mtu bila idhini yake, na ni sheria ya haki. Kwa hiyo usingoje muuguzi akunong'onezee. Neno la kwanza litoke kwako: twende kliniki pamoja, tupimwe sote, na litakalotoka ni letu. Kulisema hakugharimu shilingi, ila ni zito, na mara nyingi tumemwachia mwanamke alibebe peke yake.

Wewe unayevua omena Remba au Sori, unayerudi nyumbani mwezi ukiwaka, nawe unayechimba dhahabu Macalder, yako mambo yenu pia. Mke aliyekutwa salama kwenye kliniki ya kwanza anaweza kuambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha. Wakati huo virusi huwa vingi mno mwilini mwake, hana dawa, mtoto hana dawa, wala hakuna anayeshuku. Ndiyo maana mwongozo unataka mama apimwe tena na tena hadi aachishe. Mume naye apimwe kila arudipo.

Nawe dani, bibi wa mtoto, nakuheshimu; wewe ndiye uliyemlea huyu baba yake. Ila maji ya vuguvugu, uji mwepesi na manyasi, yaani dawa za mitishamba, unayompa mjukuu kabla hajatimiza miezi 6 hukwaruza utumbo wake mchanga na kuvifungulia virusi mlango. Mwache anyonye titi tu. Wala usimshurutishe mkwe wako anunue maziwa ya kopo. Watafiti wa Nairobi, kabla ya ARV kuenea, waliona kwamba watoto wa maziwa ya kopo waliambukizwa wachache kuliko walionyonya, lakini kufikia miaka miwili vifo katika makundi hayo mawili vilikaribiana. Leo, mama akimeza dawa zake na mtoto akipata yake, titi ndilo lililo salama zaidi kwetu. Ukiiona ile chupa, usiulize ni ya nini mbele ya watu. Muulize mkwe wako mkiwa wawili, kisha mkumbushe saa yake.

Serikali nayo haiwezi kujificha nyuma ya maneno haya. Mwaka 2021 shehena ya ARV za msaada wa Marekani ilikwama bandarini Mombasa kwa mabishano ya kodi, kana kwamba virusi husubiri stakabadhi. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ghafla, waliorudishwa nyumbani ni pamoja na akina mama washauri, yaani wanawake wenye virusi waliolea watoto wasioambukizwa na kuwaongoza wenzao hatua kwa hatua. Kaunti iliyoacha kazi hiyo kwa fedha za wageni kwa miaka yote hii ilijidanganya. Mwaka 2027 mwakilishi wa wadi yako atakuja kuomba kura. Kabla hajaanza kucheza ngoma, muulize bajeti ya dawa za watoto ni kiasi gani, na mama mshauri wa zahanati yenu analipwa na nani.