Ngano za Mashine na Uvivu wa Wasomi

Wako wasomi wa fasihi wasemao kuwa michezo ya video ni upuuzi wa watoto, haistahili kuingia darasani. Hukumu hii yatolewa kabla ya shahidi kuitwa, nami naikataa.

Kwanza tuulize ngano ni nini. Ngano haiishi kitabuni. Huishi saa itambwapo, na kila fanani huitamba kwa namna yake mbele ya hadhira imjibuye. Mchezo wa video nao, usipochezwa, ni bubu. Katika vibanda vya miji ya pwani yetu, vijana wawili hushika pedi wakicheza mpira wa kwenye kioo. Wengine husimama nyuma yao wakitangaza, wakisifu, wakirusha vijembe. Maneno hayo tutayaitaje, kama si fasihi simulizi?

Tutajibiwa kwamba mashine yatoka ng'ambo, na aliyeiunda ataka faida. Ni kweli; lakini beni je? Ngoma ile iliiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikabezwa kwamba ni uigaji mtupu. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, wakati ambapo wengi wa walioianzisha walikuwa wamekwisha kufa. Dharau huja mapema, majuto huchelewa.

Tena Kilwa yenyewe imo ndani ya shauri hili. Hadithi ya kale yasema kisiwa kile kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwaka 2018, katika nyongeza ya mchezo uitwao Civilization VI, Kilwa Kisiwani ilitiwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Mchezaji atawalaye taifa lolote aweza kuijenga katika pwani yake. Basi Kilwa imenunuliwa mara ya pili, na safari hii hata nguo haikutolewa. Nani afaaye kuyalinganisha masimulizi haya mawili kuliko mwanafunzi wa Kiswahili? Sisi tukinyamaza, wengine watasimulia, nasi tutabaki kutafsiri maneno yao.

Wanafunzi na waende vibandani, Kilwa Masoko hata Lindi, wachukue daftari na kinasa sauti, waombe idhini ya wachezaji, wayaandike yasemwayo. Mchezo wenyewe kampuni yauhifadhi, kwa kuwa ni mali yake. Maneno ya vijana wetu mbele ya kioo hayana mhifadhi ila sisi.