Damu Haioshwi kwa Chupa

Msomaji, upitapo sokoni Chaka huenda ukamsikia mtu akinadi chupa ya dawa ya miti, akiapa kwamba husafisha damu na kufukuza virusi vya UKIMWI. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sina ugomvi na miti shamba. Nyanya yangu alitutibu mafua kwa majani. Ugomvi wangu ni na neno "kusafisha".

Neno hilo lamfanya msikilizaji adhani virusi ni tope mferejini. Sivyo kabisa. Virusi hivi viingiapo katika seli nyeupe ya damu iitwayo CD4, hati yao ya RNA hunakiliwa iwe DNA, mfano wa hati yetu wenyewe. Ndipo kimeng'enya chao, integresi, huikata DNA ya seli na kuipachika ile ya virusi. Lakini integresi peke yake si mjuzi wa njia. Mwaka 2003 wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba hushikamana na LEDGF, protini ya seli yenyewe, ambayo hukaa juu ya kromosomu. Protini hiyo humwongoza mgeni hadi penye jeni zinazosomwa sana. Mwizi ameshikwa mkono na mtumishi wa nyumba! Tangu hapo, seli igawanyikapo, ukurasa wa adui hunakiliwa pamoja na kurasa zake. Chupa itaung'oaje ukurasa huo?

Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walimiminika Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wako walioacha dawa za hospitali wakidhani wamepona.

Wala sisemi hospitali husafisha. Dolutegraviri, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2017, huizuia integresi isipachike DNA mpya. Iliyokwisha kupachikwa hubaki kimya. Kwa hiyo mgonjwa amezaye dawa kila siku huweza kuambiwa virusi havionekani, na maadamu havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiacha, aghalabu hurudi baada ya majuma machache.

Yamkini bwenini mwenu yuko mwenzenu aliyezaliwa navyo, amezaye vidonge kwa siri, naye amechoka. Muuza chupa humnyemelea huyo hasa. Mkikutana naye, mwulizeni mbele ya wateja wake: DNA iliyokwisha kupachikwa ameitoaje?