Chui wa Nakuru anatujua, ni sisi hatumjui

Ukikaa Lake View, Rhonda au Barut hapa Nakuru, jirani yako wa upande wa pili si landilodi mwingine. Ni Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, kilomita 188 za mraba zenye simba, chui, nyati na vifaru, karibu kabisa na katikati ya jiji. Kinachowatenganisha ni ua wa umeme uliowekwa miaka ya 1980.

Nyumba zilikuwa zikiusogelea ua huo hata kabla Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021. Nalo ziwa, ambalo limekuwa likifurika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, limemeza lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha watu wengi Barut na Mwariki. Nafasi imepungua pande zote mbili. Isitoshe, chui hukwea miti, sembuse ua.

Kwa hivyo mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba ameona chui, usikimbilie kumwita mwongo. Uliza: halafu? Majibu tunayosikia kila mara ni mawili. Moja, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lije limtege na kumpeleka mbali. Mbili, vijana watoke na mawe, wengine na simu za kurekodi video. Yote mawili yameshajaribiwa, na yote yana shida.

Tuanze na kumhamisha. Huko Junnar, jimbo la Maharashtra nchini India, chui walikuwa wakinaswa mashambani na kuachiliwa msituni. Utafiti ulioongozwa na Vidya Athreya, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba visa vya watu kushambuliwa viliongezeka karibu na maeneo walikoachiliwa. Hapa kwetu, miongo kadhaa iliyopita, mtafiti Patrick Hamilton aliwafuatilia kwa redio chui waliokuwa wakila mifugo na wakahamishiwa Mbuga ya Meru. Wengi wao hawakukaa huko. Chui ni mnyama wa himaya yake. Ukimtoa, atatafuta njia ya kurudi, na nafasi aliyoacha itachukuliwa na chui mwingine. Umehamisha mnyama mmoja tu, shida bado iko.

Umati nao? Machi 2016, simba aliyejulikana kama Mohawk alitoka Mbuga ya Nairobi akafika Isinya, Kajiado. Watu wakamzunguka, kelele na picha zikazidi, akamjeruhi mtu mmoja. Mwishowe maafisa wa KWS wakampiga risasi akafa. Mnyama aliyezingirwa hana njia ya kutoka, na hapo ndipo hatari huanza hasa.

Sasa njoo kwa jambo ambalo wengi hatulijui: paka hawa wakubwa wanatuogopa sana. Katika milima ya Santa Cruz, California, watafiti walificha spika karibu na mizoga iliyokuwa ikiliwa na puma, yule paka mkubwa wa Amerika. Waliposikia sauti za watu wakiongea, puma wengi walitoroka wakaacha nyama. Waliposikia vyura, waliendelea kula. Jaribio kama hilo lilifanywa Kruger, Afrika Kusini, na matokeo kutolewa 2023: wanyama wa huko, chui wakiwemo, walikimbia sauti ya binadamu kuliko hata ngurumo ya simba.

Kama anatuogopa hivyo, mbona anakuja? Chakula. Mumbai, jiji la watu zaidi ya milioni 10, lina mbuga ya Sanjay Gandhi iliyobanwa na majumba, na chui wake hula mbwa koko kwa wingi. Mbwa nao wamefuata taka. Ebu angalia mitaa yetu: taka zilizotupwa kando ya barabara, mbwa wanaorandaranda, kuku na mbuzi kwenye mabanda ya mbao mbovu. Hiyo ni meza iliyoandaliwa usiku, na sisi ndio tumeiandaa.

Hii haimaanishi tulale milango wazi. Aprili 2025, msichana wa shule aliuawa na simba katika ranchi inayopakana na Mbuga ya Nairobi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, lakini familia nyingi zimelalamika kusubiri kwa miaka. Na hakuna pesa inayomrudisha mtoto. Ndiyo maana kuwajua wanyama hawa si starehe ya wanasayansi na watalii.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kamera zinazojipiga zenyewe zikifungwa kando ya ua zinaweza kuonyesha chui gani anapita na saa ngapi, kwa sababu hakuna chui wawili wenye madoa sawa. Kinyesi chake kinaeleza amekula nini, swala au mbwa wa Rhonda. Hata wewe una la kufanya. Ukiona nyayo, piga picha ukiweka kitu kando kuonyesha ukubwa, kisha uwaarifu KWS. Nyayo za chui kwa kawaida hazina alama za kucha. Za mbwa na fisi huwa nazo. Hilo peke yake lingezima uvumi mwingi.

Na usidhani hili ni la wenye digrii tu. Richard Turere alikuwa mvulana wa miaka 11 alipounda taa za kumulikamulika ili simba wasile ng'ombe wa familia yao, pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi. Alianza kwa kutazama: aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosonga.

Chui wa Nakuru naye anatutazama. Anajua tunalala saa ngapi, mbwa hukusanyika wapi na ni banda lipi halifungwi vizuri. Sisi tunajua nini kumhusu? Tukianza na taka za mtaa wetu na mlango wa banda la mbuzi, huenda tusihitaji mtego wala mawe.