Usalama wa Waya

Msomaji kijana, yako madai ambayo yamefika hata huku kwetu Kabras, katikati ya mashamba ya miwa, na kwa kuwa husemwa kwa maneno ya elimu, yanawapumbaza hata watu wenye akili. Husemwa kwamba sigara ya umeme, ile ambayo ninyi huiita vepu, haidhuru maadam mwenye kuitumia anakijua chombo chake. Koili ikiungua asihangaike kununua nyingine. Na afungue tangi, aitoe iliyoungua, asuke mpya kwa mkono wake nyumbani, atie utambi mpya wa pamba, apime ukinzani wake, kisha avute kwa amani. Neno litumiwalo ni "salama". Mimi nalipinga neno hilo.

Usinidhanie kuwa nadharau kazi ya mikono. Wako mafundi katika masoko yetu wasukao upya koili za mota za vinu vya kusagia mahindi, nao ni watu wa kuheshimiwa. Mota iliyokufa jana usiku, leo adhuhuri yavuma, na akina mama waliopanga debe zao mstari warudi nyumbani na unga. Kama kijana angeniambia kuwa anataka kujifunza kazi hiyo, ningempeleka kwa fundi mimi mwenyewe.

Lakini muhula mmoja mwanafunzi wa kidato cha tatu alinijia kuazima kipima umeme cha maabara. Nilipomwuliza ni cha kazi gani, hakudanganya. Alinifungulia daftari lake. Alikuwa ameandika kuwa betri iliyojaa ina volti 4.2; akagawanya kwa ukinzani wa omu 0.5, akapata mkondo wa ampea 8.4; akazidisha tena kwa volti, akapata nguvu ya wati 35 na ushei. Hesabu ilikuwa sahihi na mwandiko ulikuwa safi. Nikamsifu kwa hesabu, nikamnyima kipima umeme. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona wanifundisha kanuni ya Ohm, kisha waninyima kuitumia?" Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Jibu la kwanza ni hili. Hesabu ya daftarini hudhani kuwa waya utakaa pale ulipowekwa. Waya wa koili ni mwembamba kama uzi, na nafasi iliyopo kati ya mguu wake na chuma cha tangi ni ndogo sana. Ukisogea ukagusa chuma, au mizunguko yake ikigusana, ukinzani waweza kushuka hadi omu 0.1, na mkondo ukapanda hadi ampea 42. Tazama plagi ya pasi nyumbani kwenu: fyuzi iliyomo ndani ni ya ampea 13, na mkondo ukizidi sana kiasi hicho hukatika ili nyumba isiungue. Kijana huyu atabeba mfukoni mkondo uwezao kuzidi huo mara tatu, na mfuko hauna fyuzi. Ni kweli kuwa vifaa vingine vina mtambo mdogo wa kukata umeme, lakini vile rahisi, na vile vilivyoundwa kwa bomba na betri iliyotolewa katika kompyuta mbovu, havina. Betri ya lithiamu ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake hupata joto, joto hilo huzaa joto jingine, na mwisho hupasuka kwa moto. Mwezi wa Mei mwaka 2018 mtu mmoja alikufa katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kulipukiwa na kifaa cha namna hii, na mwezi wa Januari mwaka 2019 kijana wa miaka 24 akafa vivyo hivyo katika jimbo la Texas. Kipande cha chuma kilimkata mshipa mkubwa wa shingo. Sisemi kwamba kila kifaa hulipuka, kwani vingi havilipuki. Nasema kwamba aliyevunja kifaa na kukiunda upya amejitwika dhamana ya mwenye kiwanda, hali hana vyombo vya kiwanda.

Haya, tuseme kijana wetu ni hodari, na waya wake haugusi kitu. Je, ameokoka?

Jiulize kwanza koili huungua kwa nini. Wewe uliyezaliwa huku una jibu karibu nawe kuliko mtoto wa mjini. Umepita kando ya viwanda vyetu vidogo vya sukari guru, ukaona jinsi maji ya miwa yanavyochemshwa katika karai kubwa, na jinsi karai lisilosuguliwa linavyogeuka jeusi kwa utamu ulioungua. Maji ya vepu nayo hutiwa utamu na harufu ya matunda. Kila mvuto, utamu huo huungua juu ya waya na kuacha ukoko, hata mwisho koili huwa nyeusi na ladha yake chungu. Hapo ndipo msukaji huitupa na kusuka nyingine, akijisifu kuwa amesafisha. Amesafisha nini? Ule weusi alioukwangua ni ule uliobaki kwenye waya. Mwingine ulikwisha kwenda, na hakuna tangi la kufungua huko ulikokwenda. Tena utambi ukikauka kabla mvutaji hajatambua, pamba na mafuta ya gliserini huungua na kutoa hewa kali ile ile itoazwayo na mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa jikoni, yale yawatoayo watu nje wakikohoa na kufuta machozi. Jikoni mtu hukimbia hewa hiyo. Huku huivuta kwa hiari.

Kisha waya wenyewe. Madukani ya ng'ambo huuzwa waya wa kazi hiyo, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, au wa nikeli na kromiamu. Huku kijijini kijana hutumia waya aliouona: wa jiko la umeme lililokufa, au wowote usiojulikana ukoo wake. Uliopakwa zinki ukipata joto kali hutoa moshi uletao homa. Uliolehemiwa huenda una risasi. Lakini hata ule waya wa dukani haukusalimika. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichukua vifaa 56 kwa watu waliokuwa wakivitumia kila siku, wakapima maji yaliyo chupani, maji yaliyokaa tangini, na mvuke uliotoka. Chupani madini yalikuwa kidogo. Tangini na katika mvuke yalikuwa mengi zaidi, nayo yalikuwa pamoja na risasi, kromiamu na nikeli. Maana yake ni kwamba sumu haikuja na maji, ilitoka kwenye koili. Tena waligundua kuwa mvuke wa vifaa ambavyo koili zake hubadilishwa mara kwa mara ulielekea kuwa na madini mengi kuliko wa vingine. Kwa hiyo yule asukaye upya kila juma ili awe salama huenda ndiye alaye chuma kingi kuliko wenzake. Kipima umeme nilichomnyima mwanafunzi wangu kisingemwambia habari hiyo. Hupima waya, hakipimi pafu.

Na bado sijaitaja nikotini. Katika kaunti jirani ya Bungoma, upande wa Malakisi, wamo wakulima waliolima tumbaku miaka mingi. Wavunaji wa tumbaku wajua kwamba ukichuma majani yaliyolowa umande au mvua, nikotini hupenya ngozini, ukashikwa na kizunguzungu na kutapika, ingawa hukuvuta hata pumzi moja ya moshi. Basi mtazame msukaji wetu, vidole vyake vimelowa maji ya nikotini anapopachika pamba ndani ya koili. Na huo ni udhia wa siku moja. Wa siku nyingi ni kwamba ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hata karibu miaka 25, na nikotini huuzoesha kuidai. Nimewaona vijana wenye akili wasioweza kumaliza kipindi cha dakika 40 bila kuomba ruhusa ya kwenda nje.

Mpinzani wangu ataniambia, "Lakini Waingereza wamesema vepu ni afadhali." Ni kweli. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kuwa madhara yake ni pungufu ya yale ya sigara kwa asilimia 95 hivi. Lakini ilikuwa ikisema na watu wazima waliokwisha kunaswa na sigara. Hiyo ni ngazi iliyoteremshwa kisimani ili aliyetumbukia apande. Wewe umesimama juu, nguo zako ni kavu, nawe waitumia kushukia. Tena katika mwaka ule ule wa 2015 Uingereza ilipiga marufuku kumwuzia vepu mtu aliye chini ya miaka 18. Mbona sehemu hiyo ya habari hainukuliwi?

Watu wazima nao wana lao la kujibu. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Iliandikwa kabla vepu hazijaenea nchini, na walioiandika walikuwa wakiwaza sigara ya karatasi. Panda gari kutoka Malava, upite Webuye na Bungoma, ufike Malaba mpakani. Ukivuka hatua chache umeingia Uganda, ambako sheria ya mwaka 2015 ilizikataza sigara za umeme kabisa. Huku kwetu ladha zake ni embe na stroberi, na ningependa nionyeshwe mzee mmoja wa miaka 60 aliyeacha kiko chake kwa kutamani stroberi. Nasi walimu tusijisafishe. Tunapekua masanduku ya wanafunzi, tunavinyang'anya vifaa, kisha tunavitupa katika shimo la kuchomea takataka pamoja na betri zake, mahali watoto wadogo wanapopita. Wajibu wetu ulikuwa kuwaeleza habari ya mapafu, nasi tukawafundisha kuficha.

Yule kijana alilichukua daftari lake akaondoka amenuna, nami sikumlaumu. Kipima umeme kimo kabatini, na ufunguo ninao. Atakayekuja kukiazima kwa ajili ya redio ya nyanya yake atapewa siku hiyo hiyo, na betri nitamnunulia mimi.