SINDANO SI YA WASICHANA PEKE YAO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wenzangu wanafunzi, muhula huu pana maneno mengi shuleni petu juu ya chumba cha kushonea. Wengine wasema vyerehani vyetu sita viuzwe, na fedha zake zitumiwe kununua kompyuta. Wengine wasema viachwe, lakini kwa ajili ya wasichana tu. Mimi nasimama upande wa tatu. Naona yafaa vyerehani visiuzwe, chumba kifunguliwe kila Jumamosi, na kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, afundishwe kushona vitu vitatu kabla hajamaliza shule: kiraka, mfuko, na nguo ya mtoto mdogo. Tafadhali nisomeni mpaka mwisho, kisha mnijibu katika toleo lijalo.

Nianze na ndugu zangu wavulana, maana wao ndio wenye kelele zaidi. Husemwa bwenini ya kuwa kushona ni kazi ya kike. Nami nauliza: mwendapo mjini, ni nani mnaowaona wameketi na vyerehani katika baraza za maduka? Wengi wao ni wanaume, tena wazee wenye heshima zao, na suruali mnazojivunia wao ndio waliozipunguza miguu. Gomesi, vazi la heshima la mama zetu hapa Uganda, lina jina la mwanamume: ni fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, aliyekuwa akishona hapa nchini mwanzoni mwa karne ya 20. Hata Isaac Singer, yule Mmarekani aliyepata hataza ya cherehani chake mwaka 1851, hakuwa mwanamke. Basi mambo yamekuwa hivi: kushona kukileta fedha, ni kazi ya kiume, mtu akimshonea mama yake bila malipo, ni kazi ya kike! Hicho ni kiburi tu, ndugu zangu.

Mimi nashona. Bwenini waniita Mama Fundi. Jina hilo halinichomi, kwa kuwa wale waniitao hivyo ndio wale wale wanaokuja kitandani pangu Jumapili usiku, kila mmoja na kifungo chake mkononi.

Tena wako wasemao kwamba kushona ni kazi ya watu walioshindwa masomo. Mohandas Gandhi alikuwa mwanasheria aliyesoma London. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 alikuwa akisokota uzi wa pamba kwa mikono yake mwenyewe, akawahimiza Wahindi wenzake wafanye vivyo hivyo ili wasitegemee nguo za viwanda vya Uingereza. Nasi tusomao katika shule ya misheni twamjua Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, ushahidi wa maisha yake ulikuwa nguo alizowashonea wajane. Sijasikia mtu akimhesabu Gandhi wala Dorkasi miongoni mwa walioshindwa.

Na kushona kwenyewe ni masomo. Tazameni hesabu hii. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, na yadi moja ni sentimita 91. Kateni vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 45 na urefu wote wa yadi. Utabaki utepe wenye upana wa sentimita 25. Upasueni upate mikanda miwili ya sentimita 12, kisha kila mkanda ukateni katikati. Sasa mna mikanda minne, nayo ndiyo mishikio. Kunjeni kila kipande kikubwa mara mbili, upande mzuri ukiwa ndani. Shoneni mbavu zote mbili, kisha kipindueni na kupinda mdomo wake sentimita 4. Kila mkanda ukunjwe uwe tabaka nne, ushonwe, halafu upachikwe mdomoni kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati, kwa sababu uzito wote wa mzigo hukaa hapo. Yadi moja imetoa mifuko miwili, na makombo yaliyobaki hayajazi kiganja. Mwalimu wa hesabu akitaka kutufundisha eneo la mstatili, kwa nini asitufundishe kwa mkasi?

Asiye na cherehani kwao asitoe udhuru. Sindano na uzi vyatosha. Uko mshono wa kurudi nyuma: sindano hutoka mbele hatua moja, hurudi kuingia pale mshono uliotangulia ulipoishia, kisha hutokea mbele tena. Ukiushona kwa hatua fupi na uzi maradufu, mfuko utabeba mihogo mpaka uchoke wewe mwenyewe. Mfuko mmoja wa mkono humaliza mchana mmoja wa likizo, nasi wengi wetu twajua jinsi michana ya likizo ipoteavyo.

Mifuko hiyo ina kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Hapa kwetu katazo la mifuko myembamba lilitangazwa mwaka 2009, lakini kaveera bado twaiona mitaroni kila mvua inyeshapo, na katika matumbo ya ng'ombe wanaochinjwa. Sheria peke yake haibebi nyanya. Mtu akinyang'anywa kaveera asipewe kitu kingine, atairudia. Lakini mama mwenye mfuko wa kitenge ulioshonwa na mwanawe hatauacha nyumbani aendapo sokoni.

Hapa najua nitajibiwa: "Mbona mitumba ni rahisi? Kwa nini mtu apoteze jioni tatu akishona gauni, na hali aweza kununua moja sokoni kwa fedha kidogo?" Neno hili lina ukweli, wala sitalikimbia. Nguo mpya ya kushona mara nyingi hugharimu zaidi ya ya mtumba, maana kitambaa ni ghali. Lakini tazameni tulikotoka. Pamba ililetwa Uganda kwa biashara mwaka 1903. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile kilikuwa kikifuma nguo kule Jinja, kando ya mto Nile, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa ng'ambo kabla haijafumwa, nasi twarudi kuvaa mashati yaliyokwisha kuvaliwa na wengine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilishika neno hilo, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kupeleka nguo huko bila ushuru. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Mambo hayo ni makubwa kuliko mwanafunzi. Lakini nadhani nchi isiyojua kushika sindano haitavaa nguo zake yenyewe, hata mikutano iwe mia.

Wala fundi hagombani na mtumba. Yeye huufanya malighafi. Chukueni shati kubwa la mwanamume, la mtumba, lililochakaa kola. Kateni chini ya makwapa. Upande wenye vifungo uwe mgongoni, na vifungo viko tayari pamoja na matundu yake, kazi ambayo humtesa kila mwanafunzi wa ushonaji. Pindo la chini limekwisha kushonwa tangu kiwandani. Juu pitisheni utepe, na kutoka katika mikono ya shati kateni mabega. Mmepata gauni la mtoto wa miaka miwili. Mwaka jana dada yangu mkubwa alipokuwa na mtoto wa umri huo, na mumewe hana kazi, nilimpelekea magauni mawili ya namna hiyo. Sikuwa na fedha za kumpa. Alilia, akaniuliza nimejifunza wapi. Kama ningengoja niwe na mshahara kwanza, yule mtoto angekuwa amekwisha kuanza shule.

Hilo lanifikisha penye neno ninalotaka hasa kusema. Vijana wa siku hizi twaona haya kutoa zawadi tuliyoitengeneza wenyewe. Mtu hukopa ili anunue kikombe chenye maneno ya Kizungu, akiogopa kuonekana maskini, na kumbe maskini ni yule mwenye deni. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Zawadi ya dukani humwambia mtu kwamba ulikuwa na fedha siku ile. Ile uliyomshonea humwambia kwamba ulimkumbuka muda wote sindano ilipokuwa ikienda na kurudi, na ya kuwa wajua kipimo cha bega lake. Bibi yangu ana mfuko mdogo niliomshonea, wa kutilia kadi zake za hospitali. Mshono wake umepinda upande mmoja. Bibi huwaonyesha wageni ule upande uliopinda.

Tena yako mahitaji yasiyosemwa kwa sauti. Wako wenzetu wanaojificha bwenini kwa sababu kaptula imepasuka na wazazi hawana fedha ya nyingine. Wako dada zetu wanaokosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa vitambaa vya kujihifadhi, ambavyo mtu aweza kujishonea kwa pamba na flana, akavifua, akavianika juani na kuvitumia tena. Mvulana achekaye habari hizo akumbuke kwamba naye ana dada nyumbani. Kiraka cha dakika ishirini humrudisha mwanafunzi darasani. Ni somo gani jingine liwezalo kusema hivyo?

Sasa nirudi kwa wenye kutaka kompyuta. Mimi nami nazitaka. Twangoja zamu kwa muda mrefu, na mtihani hautungoji. Lakini vyerehani vikuukuu sita vitanunua kompyuta ngapi? Labda moja, ikiwa mnunuzi ni mwungwana. Tutakuwa tumepoteza chumba kizima ili foleni ipungue mtu mmoja. Isitoshe, vyerehani vyetu ni vya kukanyaga kwa mguu. Umeme ukatikapo, na sote twajua ukatikavyo, kompyuta zote hunyamaza, lakini cherehani huendelea. Vyataka mafuta, mikanda mipya miwili na sindano. Hayo twaweza kuyachangia sisi wenyewe.

Shauri langu ni hili. Kila Jumamosi baada ya usafi, chumba kifunguliwe saa mbili tu. Wanafunzi sita wakae kwenye vyerehani, wengine washone kwa mkono, na zamu ibadilike kila juma. Tumwombe Matroni, ambaye ni fundi hodari, awafundishe wa kidato cha tano na cha sita, nao wawafundishe wadogo zao. Kazi ya kwanza iwe kiraka katika sare ya mwanafunzi mwenyewe, ili aone faida mara moja. Kazi ya pili iwe mfuko wa kumpelekea mama au bibi wakati wa kufunga shule. Ya tatu iwe nguo ya mtoto, kwa jamaa yake au kwa jirani mwenye shida. Mwisho wa mwaka tuhesabu ni vitu vingapi vimetoka katika chumba kile. Vikiwa vichache, basi vyerehani viuzwe, nami sitasema neno.

Mkutano wa wazazi utaamua jambo hili mwezi ujao. Nimemwomba kiranja mkuu aweke karatasi kwenye ubao wa matangazo, wanaotaka chumba kifunguliwe waandike majina yao. Mpaka leo kuna majina ya wasichana kumi na tisa, na mvulana mmoja, ambaye ni mimi. Wavulana, kalamu imefungwa pale kwa uzi. Uzi huo niliufunga mimi, haukatiki.