Mono si stereo iliyopungua

Wasomaji, leo tupumzishe seva na hifadhidata kidogo, tuongee muziki. Msihofu, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujaachana.

Kuna dhana iliyoenea kwamba mono ni stereo iliyopungukiwa. Spika moja ni chache kuliko mbili, kwa hivyo mono ni ya zamani na stereo ni maendeleo. Ndiyo maana mtu akisikia kampuni za muziki zinatoa upya santuri za rock za miaka ya 1960 katika mono, tena kwa bei ya kuuma, anauliza: kwani hawa wamerogwa? Bob Dylan alitolewa upya hivyo mwaka 2010 (albamu zake nane za kwanza), Beatles wakafuata 2014, na Rolling Stones 2016.

Msimamo wangu ni huu: kwa albamu nyingi za rock zilizotoka kabla ya 1968, mono ndiyo albamu yenyewe. Stereo ni toleo lililohamishiwa mfumo mwingine, mara nyingi harakaharaka.

Toleo asili ni lipi?

Chukua Sgt. Pepper's ya Beatles, 1967. Vijana wengi wa Uingereza walikuwa na gramafoni ya spika moja na redio ya spika moja. Kwa hivyo Beatles, prodyuza wao George Martin na fundi wa sauti Geoff Emerick walitumia majuma kadhaa wakichanganya sauti za mono, wanamuziki wakiwemo humo studioni wakitoa maoni. Stereo ilifanywa kwa siku chache, wenyewe wakiwa hawapo.

Ukiwa mwandishi wa programu unaijua hadithi hii. Timu nzima inajaribu programu kwenye mfumo unaotumiwa na wateja wengi. Halafu mtu mmoja anaambiwa, "hebu hakikisha inafunguka na kwenye ule mwingine." Inafunguka, ndiyo, lakini hakuna aliyeipenda.

Na tofauti zinasikika. Wimbo wa She's Leaving Home unakwenda kasi zaidi katika mono na sauti iko juu kidogo. Katika stereo unakokota. Helter Skelter katika White Album (1968) unaisha karibu dakika nzima mapema katika mono. Ule mwisho unaojulikana sana, muziki unapofifia kisha ukarudi na Ringo Starr akalalamikia malengelenge ya vidole, haumo kabisa.

Albamu zao za mwanzo zina kisa kikubwa zaidi. Please Please Me (1963) ilirekodiwa kwenye kanda ya njia mbili: vyombo njia moja, waimbaji njia ya pili. Lengo lilikuwa kumpa George Martin nafasi ya kupima uzito wa kila upande kabla ya kuviunganisha kuwa mono. Toleo la stereo likachukua njia hizo mbili likaziweka moja kila sikio. Vaa hedifoni usikie: bendi iko kushoto, waimbaji wako kulia, katikati hakuna mtu.

Halafu kuna Pet Sounds ya Beach Boys (1966). Brian Wilson, aliyefariki 2025, alikuwa karibu kiziwi katika sikio la kulia. Aliutengeneza muziki ule wote kwa mono. Mchanganyo wa kwanza wa stereo halisi ulitoka 1997, zaidi ya miaka 30 baadaye. Sasa mtu aniambie ni upi ulio "kamili".

Hesabu iliyo ndani ya mfuo

Hapa ndipo ninapofurahia kama mtu wa tarakilishi. Mfuo wa santuri ya mono husogeza sindano upande kwa upande tu. Mwaka 1931 Alan Blumlein wa EMI aliomba hataza ya stereo, na ndani yake mlikuwa na njia ya kuweka chaneli mbili kwenye mfuo mmoja: kila ukuta wa mfuo, ulioinama nyuzi 45, unabeba chaneli yake. Matokeo yake ni kwamba sindano ikienda upande kwa upande inasoma kile ambacho chaneli zote zinashiriki. Ikienda juu na chini inasoma tofauti yao.

Sasa weka santuri ya mono kwenye mashine ya stereo. Muziki wote uko upande kwa upande. Lakini vumbi, mikwaruzo na mtetemo wa mota husukuma sindano juu na chini pia, na katriji ya stereo inavisoma kana kwamba ni muziki. Yaani:

Kushoto = muziki + uchafu
Kulia = muziki – uchafu

Jumlisha: muziki mara mbili, uchafu sifuri. Kwa kweli haufiki sifuri, kwa sababu uchafu mwingine husogea upande kwa upande pamoja na muziki na huo hautoki. Lakini utasikia tofauti. Ndiyo kazi ya kile kitufe cha MONO kwenye amplifaya za zamani. Kama amplifaya yako haina, ingiza sauti kwenye tarakilishi na uziunganishe chaneli kwa Audacity, ambayo ni ya bure.

Redio ya FM hutumia hesabu hiyohiyo. Jumla ya chaneli ndiyo mawimbi makuu. Tofauti yao husafirishwa juu yake kwenye 38 kHz. Ndiyo sababu ukiwa mbali na mlingoti stereo inachacharika, na ukiiweka kwenye mono inatulia.

Ukitaka mchezo, fanya kinyume: pindua chaneli moja kisha ujumlishe. Kama santuri ni mono, muziki utazama karibu wote na utabaki na vumbi lako. Sijui njia nzuri kuliko hiyo ya kumshawishi mtu asafishe santuri zake.

Kabla hujatoa pesa

Santuri hizi zinafika kwetu kwa maelfu ya shilingi, na bado hujalipa usafiri na ushuru. Kwa hivyo jiulize maswali matatu.

1. Je, albamu hiyo iliwahi kuchanganywa kwa mono? Abbey Road (1969) na Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) zilitengenezwa kwa stereo. Na Yellow Submarine ya mono iliyouzwa Uingereza 1969 ilikuwa stereo iliyokunjwa tu, chaneli mbili zikajumlishwa. Kukunja kunaharibu vipimo: kilichokuwa katikati kinapanda, na sauti zinazopingana zinamezana. Hiyo usilipie bei ya asili.

2. Imechongwa kutoka wapi? Santuri za Beatles za mono za 2014 zilichongwa moja kwa moja kutoka kanda za analogi. Zile za stereo za 2012 zilitoka kwenye faili za dijitali. Wapo watakaokwambia hilo ndilo jambo kuu. Mimi sikubali. Kinachokupa albamu tofauti ni mchanganyo. Ukipata CD za mono za 2009 kwa bei nafuu, michanganyo ni ileile, chukua.

3. Je, unahitaji katriji maalum? Kwa matoleo mapya ya mono, katriji ya stereo iliyo safi na kitufe cha mono vinatosha. Kwa sebule zetu hizi, hata spika moja nzuri inatosha, na huhitaji kuhangaika kutafuta kiti cha katikati.

Kwa nini nalishikilia jambo hili

Kuna atakayesema stereo mpya ni nzuri. Ni kweli. Giles Martin, mwana wa George, alipochanganya upya Sgt. Pepper's mwaka 2017, sikio lake lilikuwa kwenye mono kama mwongozo. Revolver ya 2022 ilitumia programu ya kujifunza kwa mashine kutenganisha vyombo vilivyokuwa vimebanwa pamoja kwenye kanda. Kazi safi, sina ubishi nayo.

Lakini hayo ni matoleo mapya, na toleo jipya halipaswi kufuta la kwanza. Sisi tunaoandika programu tunatunza historia yote ya msimbo, hata mistari tunayoionea aibu. Muziki haupati heshima hiyo. Seti za mono hutolewa kwa idadi ya kuhesabika, zinaisha, halafu zinabaki mikononi mwa wakusanyaji wanaouziana kwa bei ya ng'ombe. Kijana akiitafuta albamu hiyo mtandaoni anapewa stereo, naye anadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Tena fikirieni jinsi tunavyosikiliza siku hizi. Wawili wanagawana hedifoni, kila mmoja sikio moja. Spika ndogo ya Bluetooth mezani. Na yupo mwenzetu anayesikia kwa sikio moja tu, kama Brian Wilson. Mpe huyo Please Please Me ya stereo kwenye sikio lisilo la bahati, na waimbaji wote wametoweka. Simu nyingi zina mpangilio wa kumuunganishia chaneli, na ni msaada, lakini huko ni kukunja. Mchanganyo uliopimwa na wenyewe ulikuwepo tangu 1963.

Kwa hivyo naomba jambo moja kwa wenye kanda hizo: wekeni mono mahali kila mtu anapoweza kuifikia, kando ya stereo, ikiwa na jina lake. Santuri nzito za kupendeza wauzieni wanaozitaka, nami nimo. Ila toleo la kwanza lisiwe siri ya wenye pesa.

Mimi nimesema. Mwenye stereo yake na aitetee.